UZI: Umelipia Mbps 50, unapata 18. Hizo nyingine zinaishia wapi?

JoziYaKahawia (#1)

Wakuu, malalamiko ya "nimelipia 50 napata 18" yamejaa kila kona, na karibu yote yanakuja na picha ya kipimo cha simu, chumbani, kwa waifai. Kipimo cha namna hiyo hakimbani mtoa huduma hata kidogo. Naye anajua, ndiyo maana jibu lake la kwanza huwa "zima ruta, subiri dakika moja, washa". Tuweke hapa namna ya kupima ambayo akiletewa hana pa kuponyokea.

Kwanza hesabu, maana nusu ya ugomvi huishia hapo. Matangazo yanahesabu megabiti. Kompyuta ikipakua faili inaonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo Mbps 50 ni MB 6.25 kwa sekunde, na kila pakiti ina anwani na vichwa vyake vinavyokula kama asilimia 5, zinabaki MB 5.9. Ukiona 5.9 umepewa chako chote.

Pili, neno "hadi". "Hadi Mbps 50" ni dari. Sakafu, yaani kasi ya chini, haijatajwa, na mikataba mingi ya nyumbani huku kwetu haisemi lolote juu yake. Soma wako kabla ya kupandisha sauti.

Kupima kwenyewe: chukua kompyuta yenye tundu la waya, zima waifai yake, ichomeke moja kwa moja kwenye kisanduku cha faiba au ruta waliyokufungia. Chomoa TV, kamera, simu zote, kila kitu. Zima VPN na masasisho, na ile programu inayopandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hiyo ndiyo husahaulika sana. Pima mara tatu kwa seva tatu: ya mtoa huduma wako mwenyewe, ya kampuni nyingine katika mji huohuo, na moja ya Ulaya. Rudia alfajiri saa 11 na usiku kati ya saa 2 na saa 5. Siku tano, wikiendi ikiwemo. Kila safari andika saa, seva, kupakua, kupandisha na pingi (milisekunde za ujumbe kwenda na kurudi).

Jedwali hilo likikamilika, tatizo linajisema lenyewe.

Mama_Ruta (#2)

Mkuu, wengine hatuna kompyuta yenye tundu la waya. Simu ni mpya, ya bei. Kwa nini isiaminike?

AntenaYaBati (#3)

Dada, bei ya simu haiondoi ukuta. Tuziangalie namba.

Bendi ya 2.4 GHz, chaneli ya upana wa MHz 20, simu yenye antena moja: simu na ruta zinakubaliana Mbps 72. Hiyo ni kasi ya kiungo, na waifai inatumia karibu nusu yake kusubiriana na kuthibitishana. Zinabaki 40 hivi, mkiwa chumba kimoja na jirani hana ruta. Sasa weka kuta mbili za tofali na ruta kumi za majirani. Hiyo 18 umeipata.

Bendi ya 5 GHz, chaneli ya MHz 80, antena mbili: kiungo 866, halisi 400 hadi 600 mkiwa karibu. Kwa hiyo kama simu ndiyo kifaa pekee, tenganisha majina ya bendi mbili kwenye ruta, jiunge na ya 5, simama mita mbili kutoka kwenye ruta bila ukuta katikati, pima. Hicho ni kipimo kinachosomeka kwa kifurushi cha 50. Ukipata 47 hapo na 18 chumbani, mtoa huduma hana kosa, ni nyumba yako.

Kwenye 2.4 chaneli zisizopandiana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Usikubali mtu akuwekee 3 au 4 eti haina watu. Unasikia kelele za 1 na za 6 kwa pamoja. Na usipanue hadi MHz 40 katika jengo la ghorofa, utajiletea msongamano wa wengine bure.

Halafu ruta isikae nyuma ya TV, wala ndani ya kabati, wala juu ya friji. Iweke juu, wazi, katikati ya nyumba. Mafundi hupenda kuifunga pale waya unapoingilia kwa sababu ndipo kazi inapoisha haraka.

FundiWaMlingoti (#4)

Naongezea hapo pa ruta. Boksi limeandikwa "300 Mbps" kwa maandishi makubwa, mtu anafikiri amenunua mia tatu. Hiyo ni kasi ya waifai kwenye karatasi. Geuza boksi usome matundu: "10/100". Yaani waya unaoingiza intaneti hauvuki Mbps 95 hata ukifunga mkonga wa bahari nyuma yake. Ruta nyingi za bei ya chini zilizoandikwa AC1200 ziko hivyohivyo. Ukitaka kifurushi cha 100 kwenda juu, tafuta iliyoandikwa "10/100/1000" au "gigabit".

JoziYaKahawia (#5)

Na hapo waya nao unaingia. Kebo ya mtandao ina jozi nne: chungwa, kijani, bluu, kahawia. Kiungo cha Mbps 100 kinatumia mbili, chungwa na kijani, pini 1, 2, 3 na 6. Kiungo cha Gbps 1 kinataka zote nne. Uzi mmoja wa bluu au wa kahawia usipogusa, vifaa vingi havilalamiki. Vinashuka kimya hadi 100 na taa inaendelea kuwaka kama kawaida. Mteja wa kifurushi cha 200 anabaki kwenye 94 mwaka mzima. Ukiona vipimo vyako vinagota 93 au 94 kila saa, usiku na mchana, usiulize tena. Fungua sifa za kadi ya mtandao kwenye kompyuta: kama imeandikwa 100/100 badala ya 1000/1000, shida ni waya, kichwa chake, au tundu.

Kubana kichwa upya: menya ganda la nje sentimita 3, panga kuanzia kushoto, klipu ikitazama chini: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Nyoosha, kata zilingane, zibaki milimita 13 tu zisizosokotwa. Kabla hujabana, tazama kichwa kwa mbele: lazima uone ncha nane za shaba zimegota mwisho. Na ganda la nje liingie ndani ya kichwa libanwe na kile kidole cha plastiki, la sivyo ukivuta kidogo umerudi ulikotoka.

Kuna kebo zinauzwa kwa mita, rahisi, zimeandikwa Cat6. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa mita tano utavuka, kwa mita arobaini juu ya dari ni kujitafutia maradhi.

Nyumba_B7 (#6)

Naomba mnisomee hizi. Kifurushi 50, faiba, kompyuta kwa waya, kiungo 1000/1000. Alfajiri 49, 48, 49. Usiku 31, 12, 44, 9, na mara nyingine kipimo kinakatika katikati. Lakini hata mchana mara mojamoja kinaanguka hadi 6 kisha kinarudi. Kwenye ukurasa wa kisanduku, Rx Optical Power (nguvu ya mwanga unaoingia) ni dBm -28.6.

AntenaYaBati (#7)

Mwanga wako ni hafifu, ndiyo maana kasi imepungua. Waite warekebishe.

NyuziMwanga (#8)

Hitimisho sahihi, sababu si hiyo hasa. Mwanga hafifu haupunguzi 50 ikawa 30 kama maji kwenye bomba lenye kutu. Kisanduku ama kinasoma biti ama kinakosea. Ukifika ukingoni kinaanza kukosea, pakiti zinapotea, na kompyuta ikiona pakiti zimepotea inajipunguzia mwendo yenyewe ikidhani barabara imejaa. Ndiyo maana namba zinarukaruka: 44, kisha 9, kisha kukatika.

Hesabu yake ni hii. Dekibeli 3 ni nusu ya mwanga, 10 ni sehemu moja ya kumi. Mtambo wa kampuni unatuma kama +3. Kigawanyaji cha nyumba 32 peke yake kinakula karibu 17. Kilomita chache za nyuzi na viunganishi vinakula 3 hadi 5. Kisanduku cha nyumbani kinategemea kupata -17 hadi -23. Kikomo cha vingi vya aina ya GPON, yaani nyuzi moja inayogawiwa nyumba nyingi, ni -27. Wewe uko -28.6, umevuka, na kuna karibu dekibeli 6 au zaidi zimemwagika mahali.

Anza na vya bure. Fuatilia ule waya mwembamba kuanzia ukutani. Umekunjwa nyuma ya kabati? Umefungwa kwa kamba ya plastiki hadi ukabinyika? Umepigiliwa na msumari wa klipu kwenye kona ya mlango? Mzunguko wowote usiwe mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Ukiulegeza na namba ikapanda hadi -22, umemaliza.

Kisha kiunganishi. Cha kijani kimekatwa kwa mshazari wa digrii 8, cha bluu hakina mshazari. Kijani kwenye tundu la bluu kinaingia na kinakaa vizuri, ila nyuso hazigusani, mwanga unamwagika. Rangi zifanane. Uchafu nao: chembe ya vumbi ni kubwa kuliko kiini cha nyuzi, ambacho ni mikroni 9. Usifute kwa shati wala mate. Kifutio kikavu cha faiba au alkoholi ya asilimia 99 kwa karatasi isiyotoa nyuzi. Na usichungulie ndani ya waya: mawimbi ya nanomita 1490 hayaonekani, hutajua kama yapo.

Ukimaliza hayo na bado iko -28, ni kwenye nguzo au kwenye kisanduku cha mtaa. Hapo ni kazi yao. Wapelekee namba hiyo ya Rx, usiwapelekee neno "inasuasua".

Nyumba_B7 (#9)

Ulikuwa umefungwa kamba tatu nyuma ya meza ya TV. Baada ya kufungua: -21.9. Alfajiri 49, usiku wa leo 38, 36, 40. Haikatiki tena.

NyuziMwanga (#10)

Safi. Hiyo tofauti iliyobaki, 49 alfajiri na 38 usiku, ndiyo sasa ya kwao. Inashuka taratibu na kwa saa zilezile: msongamano.

Watu husema "tumegawanywa nyumba 64 kwenye nyuzi moja, ndiyo maana". GPON inashusha Gbps 2.488 kwa nyumba zote za nyuzi hiyo. Nyumba 32 zenye kifurushi cha 50 ni Gbps 1.6, zinaingia zote hata zikifungua bomba kwa pamoja. Nyumba 64 ni 3.2, haziingii kwenye karatasi, ila haitokei zote zikavuta kamili sekunde moja. Filamu ya 4K kwa Netflix inataka Mbps 15 tu, ya 1080p inataka 5. Kwa vifurushi vya 50, nyuzi ya mtaa si mhalifu wa kwanza. Mhalifu ni njia kutoka mtambo wa mtaa kwenda makao yao, na kutoka hapo kwenda nje: wateja wameongezwa, njia haikupanuliwa. Hiyo haiwi na dawa nyumbani kwako.

Kaskazi_254 (#11)

Wadau, msichanganye msongamano na kikomo cha matumizi, yaani GB za mwezi ambazo ukizivuka kasi inashushwa. Vina sura tofauti kabisa. Msongamano unayumba na unaisha usiku wa manane. Kikomo kinanyooka kama rula: Mbps 5 saa tisa usiku, 5 adhuhuri, 5 jioni, kilianza katikati ya mwezi na kitapotea siku ya kulipia. Ukiona hivyo, fungua masharti utafute "matumizi ya haki".

Na msidhani GB 500 ni nyingi. Mbps 50 ikifanya kazi bila kupumzika ni GB 540 kwa siku. 4K kwa Mbps 15 ni GB 6.75 kwa saa. Kikomo cha GB 500 ni saa 74 za 4K, chini ya saa mbili na nusu kwa siku, kabla hujagusa simu za watoto.

Mama_Ruta (#12)

Na ile ya YouTube kucheza vizuri, lakini kupakua faili la Ulaya inakuwa kama kobe? Kipimo kinasema 50.

NyuziMwanga (#13)

YouTube haitoki Ulaya. Google wana seva zao za akiba ndani ya mitandao ya watoa huduma, na Netflix nao wana mpango wao kama huo. Kipimo cha Speedtest nacho kinachagua chenyewe seva ya karibu, mara nyingi ya mtoa huduma wako. Umepima njia ya kutoka chumbani hadi ofisini kwake, ambayo ndiyo anaitangaza. Mawasiliano kati ya mitandao ya nchini yanapita vituo vya kubadilishana kama TIX Dar es Salaam au KIXP Nairobi, hayagusi bahari.

Faili la Ulaya linapita mkonga wa bahari, na safari ya kwenda na kurudi chukua milisekunde 150. Muunganisho mmoja unaoruhusu KB 64 tu njiani kabla ya kusubiri jibu hauwezi kuvuka Mbps 3.5, hata kifurushi kiwe 1000. Kompyuta za sasa zinaruhusu zaidi ya hapo, ila pakiti moja ikipotea kwenye safari ndefu hivyo, kupanda tena kunachukua muda. Jaribu kipakuzi kinachofungua miunganisho minane kwa faili moja. Kasi ikiruka kutoka 6 hadi 40, bomba lako ni zima, umbali ndio ulikuwa unakula. Isipopanda, huenda njia yao ya nje imejaa.

Jaribio la pili: washa VPN yenye seva nchi nyingine ya Ulaya, pakua faili lilelile. Ikipanda kwa VPN, njia waliyochagua ni mbovu au wanabana aina hiyo ya mawasiliano.

Na kuna siku ambazo ni bahari tu. Mei 12, 2024 mikonga ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na Uganda zote ziliyumba. Kupima siku kama hiyo na kuipeleka kama ushahidi ni kujiaibisha.

FundiWaMlingoti (#14)

Kwa wa 4G na 5G za nyumbani, sahau nusu ya yaliyosemwa juu. Hapo unagawana mnara na kila simu inayopita barabarani. Boksi la "150 Mbps" ni uwezo wa modemu ya daraja la 4 kwenye mnara mtupu. Fungua ukurasa wa ruta usome RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) na SINR (usafi wake dhidi ya kelele). RSRP -80 ni nzuri sana, -95 inafaa, ikishuka chini ya -110 hama chumba. SINR ndiyo ya kuangalia zaidi: juu ya 20 raha, chini ya 5 taabu, ikiwa hasi taabu zaidi. Zungusha ruta dirisha kwa dirisha, subiri dakika mbili kila mahali, fuata SINR. Mabati na vioo vya rangi vinazuia sana.

Setilaiti nayo si ya kila mtu kuvuta bila mpaka. Novemba 2024 Starlink ilisitisha kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu uwezo ulijaa. Angalau hao walifunga mlango. Wengine wanaendelea kuuza.

Kaskazi_254 (#15)

Kuna mtu atakuja na "kasi ni 50 kamili lakini simu za video zinagandaganda". Huyo apime pingi wakati laini imejaa. Fungua dirisha la amri, andika ping -t 8.8.8.8, kisha mtu mwingine apandishe video kubwa. Ikitoka milisekunde 12 ikaenda 400, foleni ndani ya ruta ni ndefu mno. Dawa ni ruta yenye SQM, yaani upangaji wa foleni, kwa mfano inayotumia programu ya OpenWrt. Weka kikomo asilimia 90 ya kasi halisi, kwa 50 weka 45, kupandisha vivyo hivyo. Unapoteza Mbps 5, unapata simu isiyokatika. Ni biashara nzuri.

Mkaazi_wa_Berlin (#16)

Kuhusu lile neno "hadi" la post ya kwanza: linaweza kufungwa kamba kwa kanuni. Uingereza, zamani tangazo lilitosha kama asilimia 10 ya wateja waliifikia kasi hiyo. Tangu Mei 2018 lazima angalau nusu yao waipate kati ya saa 2 na saa 4 usiku, na iitwe wastani. Umoja wa Ulaya unataka mkataba wa nyumbani utaje kasi ya chini, ya kawaida na ya juu. Huku Ujerumani tangu Desemba 2021 unaweza kupunguza malipo, ila kwa kupima kwa programu ya mdhibiti mwenyewe, kwa waya, vipimo 30 katika siku tatu. Picha ya simu hawaiangalii.

Mama_Ruta (#17)

Kwetu je? Nimejaza jedwali la siku tano. Nalipeleka wapi?

JoziYaKahawia (#18)

Kwa mtoa huduma kwanza, kwa maandishi, udai namba ya malalamiko. Bila namba hiyo TCRA (mdhibiti wa mawasiliano Tanzania), au Mamlaka ya Mawasiliano kwa walio Kenya, watakurudisha ulikotoka. Andika kifupi, hivi:

"Kifurushi Mbps 50. Vipimo kwa waya, kiungo 1000/1000, vifaa vingine vimezimwa. Alfajiri wastani 48. Saa 2 hadi 5 usiku wastani 22, siku tano mfululizo, kwa seva yenu na seva nyingine ya mji huu. Rx -20.4. Matumizi ya mwezi GB 180. Naomba mniambie kasi ya chini mnayoidhamini na tarehe ya marekebisho. Jedwali limeambatanishwa."

Kila sentensi hapo inaziba mlango mmoja: waifai, waya, vifaa vingine, mwanga, kikomo cha matumizi.

Mama_Ruta (#19)

Fundi akija naye akapima kwa simu yake?

NyuziMwanga (#20)

Mpe kebo yako na kompyuta ya jirani. Na umwambie aje saa 3 usiku. Akija saa 4 asubuhi atapata 49 na kufunga kazi. Akikataa, ajaze kwenye fomu saa aliyopima kabla hujaweka sahihi.

Mama_Ruta (#21)

Sawa mkuu. Nimeomba Alhamisi saa 3 usiku, wamesema watanijibu.

JoziYaKahawia (#22)

Weka hapa watakachojibu, pamoja na kile watakachojaza kwenye fomu.